Habari za Milima ya Manyovu na Watu Wake

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike habari za kwetu, nami nimekubali bila kujivuta, ijapokuwa mkono wangu siku hizi umezoea jembe kuliko kalamu. Ninyi mliosoma nami kati ya mwaka 1973 na 1976 mnakumbuka jinsi tulivyolipenda somo la historia. Lakini katika madaftari yetu Kigoma ilitokea mara mbili tu. Ya kwanza ni mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji. Ya pili ni mwaka 1914, reli ya kati ilipofika ziwani. Baada ya hapo ni kimya, kana kwamba sisi wengine tulikuwa tumekaa milimani tukingoja wageni wapite ili nasi tupate kuandikwa.

Kuna jambo la pili lililonisukuma. Kijana wa Manyovu akifika ugenini na kutaja kwao, aghalabu huulizwa: "Manyovu? Basi wewe ni Mrundi." Swali hilo nililisikia bwenini nikiwa kidato cha kwanza, likiulizwa kwa utani. Nililisikia tena kazini, na utani ulikuwa umepungua. Mwaka juzi mpwa wangu aliulizwa hivyo hivyo katika ofisi moja alipokwenda kutafuta kitambulisho, akaambiwa arudi na maelezo ya mahali alipozikwa bibi yake mzaa baba. Bibi huyo kazikwa chini ya migomba yake mwenyewe, mlima wa pili kutoka kwangu. Kijana alirudi nyumbani kimya, akakaa siku tatu bila kusema na mtu. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya vijana wa milimani mlioko madarasani sasa, naandika haya.

Kwanza niwapandishe mlimani wale ambao hawajafika. Ukitoka Kigoma mjini unafika Mwandiga, hapo unaiacha njia ya Kasulu na kushika ile ya kaskazini. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha meta 773 juu ya usawa wa bahari, na joto lake mnalijua. Njia inaanza kupanda. Michikichi, ile inayotupa mawese, inapungua kidogo kidogo. Ukifika Kalinzi unakuta mibuni na migomba imeshikana, na mtu wa mjini ameanza kutafuta sweta. Ukiendelea hadi Manyovu umekwishapita meta 1,500. Kutoka Mwandiga ni kilometa 60 tu, ambazo leo zina lami, lakini enzi zetu lori liliweza kuanza safari asubuhi na kulala njiani kwa sababu ya tope. Mvua huanza Oktoba na kuendelea mpaka Mei. Asubuhi ukungu hujaa mabondeni, vilele vikabaki juu kama visiwa, na jogoo wa mlima mmoja humjibu wa mlima mwingine bila wewe kuona nyumba hata moja.

Katika milima hii hii ya mpakani ndiko unakoanzia mto Malagarasi. Mto huu unanifurahisha. Unazaliwa si mbali na Ziwa Tanganyika, ungeweza kuteremka magharibi ukafika ziwani upesi. Badala yake unashika kaskazini mashariki, unatembea mpakani kati yetu na Burundi, unazunguka mkoa mzima kupitia mabwawa ya mashariki, unafika Uvinza, ndipo unaingia katika ziwa lile lile, kusini mwa Kigoma, baada ya kilometa zinazokaribia 475. Nikiwaza habari za watu wa kwetu na safari zao, mto huu haunitoki akilini.

Zamani nchi hii yote ilikuwa Buha, nayo iligawanyika katika falme: Heru, Buyungu, Muhambwe, Bushingo, Luguru na Bujiji. Manyovu ilikuwa upande wa Heru, ufalme uliokuwa na watu wengi na ng'ombe wengi kuliko nyingine zote, kwa kuwa juu kwenye baridi mbung'o hawakai. Mtawala aliitwa Mwami, na ukoo wa watawala ulikuwa wa Kitusi. Ng'ombe walikuwa na pembe ndefu, na mtu asiye na ng'ombe aliweza kupewa wa kufuga na mwenye nao, kwa masharti ya utumishi na heshima. Mpango huo uliitwa bugabire. Wapo wanaousifu na wapo wanaouita unyonyaji. Mimi naona ulikuwa na yote mawili, ikitegemea uko upande gani wa kamba ya ng'ombe.

Lakini chini ya Mwami, au niseme kabla yake, palikuwa na watu ambao vitabu vya shule havikuwataja kamwe. Hawa waliitwa abateko, mmoja umuteko. Hawakuwa na askari wala hawakukusanya kodi. Kazi yao ilikuwa ardhi. Mtu akitaka kufungua shamba jipya, au kujenga mahali pasipowahi kukaliwa, alimwendea umuteko wa eneo lile, kwani yeye alijua mlima una wenyewe, walio hai na wasioonekana, naye ndiye aliyepatanisha mwanadamu na mlima. Falme ziliinuka na kuanguka, Mwami alitoka na mwingine akaingia, umuteko akabaki pale pale. Bibi yangu alisema Mwami anatawala watu, umuteko anakaa na nchi.

Watu hawakukaa kwa kukusanyika. Kila ukoo ulikuwa na mgongo wake wa mlima, kila nyumba na migomba yake. Nyumba ilikuwa ya msonge, ya majani toka kilele hadi ardhini, na migomba ilianza hatua chache tu kutoka mlangoni. Hiyo haikuwa bahati mbaya ya watu wasiojua kupanga. Majivu ya jikoni, maganda, samadi, taka zote za nyumba zilikwenda kwenye migomba. Migomba ikalisha nyumba. Ukiona migomba minene mahali fulani juu mlimani leo na hakuna nyumba, jua palikuwa na watu.

Na mpaka? Wafalme walikuwa na mipaka yao, tusijidanganye. Heru na Burundi walipata kupigana. Lakini walioana pia, na watu walikwenda na kurudi kwa biashara. Chumvi ya Uvinza, ambayo imepikwa pale kwa zaidi ya miaka elfu moja, ilipanda milimani na kuvuka. Lugha ilikuwa karibu moja: ng'ombe kwetu ni inka na kwao ni inka, mtu ni umuntu huku na kule. Mjerumani alipokuja aliziweka nchi zote hizi katika koloni moja, kwa hiyo kwake yeye Heru na Burundi zilikuwa wilaya jirani tu. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji wakatoka Kongo, wakaiteka Kigoma mwaka 1916, wakaitawala mpaka 1921. Kisha mabwana wakubwa wakagawana: Mbelgiji akabaki na Ruanda-Urundi, Mwingereza akachukua Tanganyika, na Kigoma ikawa upande wa Mwingereza.

Hapo ndipo mlima mmoja ulipokuwa Tanganyika na ule wa pili ukawa Urundi. Babu yangu alikuwa mtu mzima mwenye watoto wakati huo. Hakuhama hata hatua moja. Tafadhali wanafunzi lishikeni jambo hili, maana mkiulizwa lile swali ndipo pa kuanzia: Waha wa Manyovu hawakuuvuka mpaka kuja hapa walipo. Mpaka ndio uliowakuta.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nataka kulikalia zaidi, kwani ndilo lililowafanya watu wa mkoa wetu wajulikane pwani, tena kwa jina la dharau. Nasema juu ya manamba.

Mjerumani aliweka kodi ya nyumba mwaka 1897, na Mwingereza baadaye akaja na kodi yake. Kodi ililipwa kwa fedha. Fedha mtu wa mlimani ataipata wapi? Mchaga alikuwa na kahawa, hata wakaunda chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Mhaya alikuwa na kahawa. Msukuma alipata pamba. Kwetu kahawa ilichelewa, ikaja kidogo kidogo, na barabara ya kuitolea haikuwapo. Watu wa Kigoma walikuwa wametengwa kwa zao jingine, nalo ni mikono yao. Reli iliyofika ziwani 1914, ile tuliyoisifu katika mtihani, ilirahisisha sana kuvuna zao hilo.

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Inasemwa kuwa katika miche elfu moja aliyoagiza kutoka Florida, iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo, Tanganyika ikawa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mashamba ya Tanga, Korogwe, Muheza, Morogoro na kwingineko yalihitaji watu zaidi ya laki moja. Wenyeji wa huko walikuwa na mashamba yao na hawakuwa na haja ya kuchomwa miiba kwa ujira ule. Basi mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na mawakala wake wakapanda mpaka Buha.

Marehemu baba alikwenda mara mbili, mara ya kwanza mwaka 1951. Alinihadithia mara moja tu kwa kirefu, jioni moja tukimenya maharage, na sikuthubutu kumkatiza. Walipimwa na daktari kama ng'ombe wa mnadani: meno, kifua, mikono. Aliyefaa alipewa blanketi na namba. Ndiyo namba hiyo iliyozaa neno manamba, kwa kuwa jina la mtu halikuwa na kazi tena. Wakapandishwa gari moshi Kigoma, siku na siku, hadi Morogoro. Wakati huo reli ya kati ilikuwa haijaunganishwa na ile ya Tanga. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilikamilika mwaka 1963. Kwa hiyo kutoka Morogoro walipakiwa malori mpaka Korogwe. Baba alisema kilichomtisha kuliko vyote ni ubapa wa nchi. Alitazama mbele akaona mistari ya mkonge inakwenda mpaka inakutana na mbingu, hakuna mlima wa kukuonyesha uko wapi.

Kazi ilipimwa kwa vitita. Unakata majani, unaondoa mwiba wa nchani, unafunga thelathini thelathini, unapanga mita zako kando ya reli ndogo, nyapara anakuja kuhesabu. Majani yanakwenda kiwandani, huko wanakita korona, kwa ajili ya mashine za aina hiyo. (Ugonjwa ule ulipokuja mwaka 2020, mzee mmoja wa kwetu alishangaa redio inasema watu wajihadhari na korona. Alisema yeye alijihadhari nayo tangu mwaka 1949, ilipomla jirani yake vidole viwili.) Kila siku iliyokamilika nyapara alitia alama katika kadi iliyoitwa kipande. Kipande kilikuwa cha siku thelathini za kazi. Usipomaliza mita siku hiyo, hakuna alama. Ukiugua, hakuna alama. Kwa hiyo mwezi wa manamba uliweza kuwa na siku arobaini na tano au hamsini za kalenda, na mshahara ulifuata kipande, haukufuata kalenda.

Baba alirudi na baiskeli, blanketi jipya, khanga mbili za mama na sanduku la bati. Watu wa kijiji walikuja kuitazama baiskeli. Mlima wetu hauendeki kwa baiskeli, mnajua wenyewe. Mtu huibeba nusu ya njia. Lakini iliegeshwa mbele ya nyumba, ikawa ushahidi.

Sasa nirudi mlimani, maana waandishi wakizungumza juu ya manamba huwafuata wanaume Tanga na kuwasahau waliobaki. Kijiji cha mlimani bila wanaume kina hali gani? Kufyeka shamba jipya ilikuwa kazi ya wanaume. Kukata miti na kuezeka msonge ilikuwa kazi ya wanaume. Msonge wa majani lazima uezekwe upya kila baada ya miaka michache, la sivyo unaoza. Bibi yangu aliniambia kuwa katika miaka ile ungeweza kusimama ng'ambo ya bonde na kuzitambua nyumba ambazo mume yuko mkongeni kwa kutazama rangi ya paa. Wanawake walilima na kupanda maharage, mahindi na muhogo, wakalipia madeni ya ng'ombe, wakazika wazee. Mashamba ya mbali yakaachwa yakawa pori, kwa kuwa jembe la mwanamke mmoja lina mwisho. Ndipo wakaguzi wa serikali walipopita na kuandika kuwa Waha ni wavivu na kwao hakuna maendeleo. Mtu anachukua mikono yako, kisha anakuuliza kwa nini hulimi!

Wengine hawakurudi kabisa. Wapo Waha hadi leo Muheza na Korogwe, wajukuu na vitukuu, wanaozungumza Kiswahili cha Tanga na wanaojua kwao ni Kigoma kwa kusikia tu. Katika mashamba hayo hayo walikuwapo Warundi wengi, waliovuka mpaka kutafuta kazi ile ile. Kambini aliyezungumza Kiha na aliyezungumza Kirundi waliishi chumba kimoja, na kwa wenyeji wa pwani wote walikuwa watu wa bara waliokuja kwa treni. Naamini sehemu kubwa ya lile swali la "Wewe ni Mrundi" ilizaliwa huko kambini, si mpakani.

Katikati ya miaka ya 1960 bei ya mkonge ilianguka kwa sababu ya kamba za viwandani, na uandikishaji ukakoma. Wakati huo huo utawala wa kimila nao ulikuwa umekwisha. Heru ilikuwa na bahati ya kuwa na mwanamke katika kiti cha Mwami, Theresa Ntare, tangu mwaka 1946, jambo ambalo wengi wa mikoa mingine hawalijui wanapodhani kuwa wanawake wameanza kuongoza juzi. Mwaka 1963 serikali yetu ilifuta vyeo vya machifu nchi nzima, na mamwami wakawa raia kama sisi.

Halafu ukaja mwaka 1972. Nilikuwa darasa la saba. Mwishoni mwa Aprili fujo zilianza kusini mwa Burundi, upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, na baada yake serikali ya huko ikawaua Wahutu kwa makumi ya maelfu, hata kupita laki moja. Walianza kuvuka kwetu usiku. Asubuhi tuliwakuta wamekaa chini ya migomba, watoto hawalii, jambo ambalo lilinitisha kuliko kama wangelia. Mama alipika chungu kikubwa cha maharage na ndizi, jirani akapika, na jirani yake. Hakuna aliyeuliza vyeti. Baadhi walikuwa na jamaa upande huu, wakaenda kwao. Wengi wakapelekwa mbali na mpaka, huko Ulyankulu na Katumba. Mwaka uliofuata jeshi la Burundi likashambulia upande wetu wa mpaka na wananchi wa Tanzania wakafa. Tulijifunza kutazama juu kila tuliposikia mlio wa ndege.

Mwaka ule ule wa 1972 Operesheni Kigoma ilianza. Mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza nchini kuhamisha watu kwa wingi kwenda katika vijiji vya ujamaa, hata kabla Mwalimu Nyerere hajatangaza, Novemba 1973, kuwa kuishi vijijini ni amri. Kwetu ilifika kwa nguvu mwaka 1974. Nilikuwa nimemaliza kidato cha pili. Desemba niliteremka kwenye lori, nikaweka sanduku kichwani, nikaanza kupanda kwetu. Mtoto mmoja akanikimbilia: "Kaka, usipande. Kwenu wamehama." Akanionyesha kando ya barabara. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari, ekari kwa ekari, zile za mwanzo zikiwa za fito na majani mabichi. Mama alikuwa amesimama mbele ya moja. Alinipokea sanduku, akasema, "Tumekuwa watu wa barabarani."

Nataka kuwa mkweli kwa pande zote. Nia ya operesheni ilikuwa njema, nami niliitetea sana katika midahalo yetu ya Jumamosi. Wenzangu mnaweza kunishuhudia. Huwezi kupeleka shule, zahanati na bomba la maji kwenye kila mgongo wa mlima wenye nyumba tatu. Na kwa hakika shule ilijengwa, zahanati ilikuja, na Elimu ya Msingi kwa Wote ya mwaka 1977 iliwakuta watoto wetu mahali pamoja. Wadogo zangu wawili wa kike wasingesoma kama tungebaki juu. Hilo sitalificha.

Lakini kuna lililosahauliwa. Migomba ilibaki mlimani. Mama alipanda asubuhi kwenda kuihudumia, akateremka jioni. Majivu na samadi vikabaki barabarani, kwani nani atabeba samadi kichwani mwendo wa saa moja kila siku? Baada ya misimu mitatu mashina yakawa membamba, nyani wakala kilichosalia. Miti ya kando ya barabara ikaisha kwa kuni na kwa kujengea. Makaburi yakabaki peke yake. Wala hakuna aliyemwuliza umuteko kama mahali pale panafaa. Umuteko wa upande wetu alihamishwa naye kama wengine, akapewa nyumba katika mstari wa pili. Mjumbe wa nyumba kumi, kijana aliyemfahamu tangu utoto, hakujua amwandike kazi gani kwenye daftari. Akaandika "mkulima".

Tangu katikati ya miaka ya 1980 watu walianza kurudi juu. Hawakutangaza. Kwanza alijengwa kibanda cha kulindia migomba, kisha kibanda kikapata jiko, kisha mtoto akazaliwa humo. Ukitazama Manyovu sasa unaziona historia zote mbili kwa pamoja: mstari wa nyumba za bati kando ya barabara, na juu yake mapaa yaliyotawanyika katika kijani, kila moja na migomba yake. Kahawa imeshika, tangawizi imeingia, maharage yetu yanakwenda mbali. Sokoni utakuta dagaa na mawese kutoka ziwani, na faranga za Burundi zikibadilishwa, maana Mugina ni hapo ng'ambo tu. Mwaka 2012 Buhigwe ilitengwa na Kasulu ikawa wilaya, na Manyovu ikawa ndani yake. Mwaka 2021 mzaliwa wa Buhigwe, Dk. Philip Mpango, akawa Makamu wa Rais wa nchi, na kwa miezi kadhaa hakuna aliyeniuliza Manyovu iko wapi.

Mpaka haukutulia. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993 walivuka tena kwa mamia ya maelfu, na Kasulu na Kibondo zikajaa kambi. Mwaka 2015 wakavuka mara ya tatu. Mwaka 2014 serikali yetu iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya zamani, yaani wale wa 1972 na watoto wao. Nilifurahi. Mama yangu, aliyewapikia maharage, angefurahi zaidi. Ila sielewi, na ningependa mwanasheria mmojawapo kati yenu anieleze, kwa nini mjukuu wa aliyewapikia aendelee kudaiwa kaburi la bibi yake.

Mpwa wangu hatimaye alipata kitambulisho. Ilichukua miezi minane. Kilichomsaidia hakikuwa kumbukumbu ya mzee yeyote, bali kile kipande cha baba cha mwaka 1951, kilichokuwa ndani ya sanduku la bati pamoja na stakabadhi ya kodi. Kina namba na jina la shamba, na mahali pa kuandika alikotoka mtu pameandikwa kwa wino wa bluu: Kasulu. Karani aliyekiandika hakuwa na habari kwamba anaandika historia ya ukoo.

Kwa hiyo nina ombi. Najua nyumbani kwa wengi wenu, hasa mliotoka Kasulu na Kibondo, vipo vipande kama hivyo, stakabadhi za kodi, barua za SILABU, picha zilizopigwa Korogwe mtu amesimama kando ya baiskeli. Panya wanavila. Mkuu wa shule amekubali kutupa kabati moja la chuma katika maktaba, lenye kufuli. Siku ya mkutano wetu wa mwaka huu leteni mlivyo navyo. Vijana wa kidato cha tatu wameahidi kuvinakili kwa mkono na kupiga picha, na asili mtaondoka nazo. Aliye mbali anaweza kumpa mwenzake anayekuja. Mimi nitafika mapema, nitakuwa na sanduku.